Harakati za makato ya korosho kijijini, na anayeongoza ni "msimbe" ambaye binti yake hakuchezwa unyago: hoja inabakije hoja?

Nanyamba_Kwetu:

Wadau wa Kusini, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Naleta jambo hili hapa kwa sababu wapo waliokaa kwenye bodi za AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, wapo wasaidizi wa kisheria, na wapo akina bibi wanaoijua mila kuliko sisi tunaoisimulia.

Mazingira ni kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba. Wakulima kadhaa wanataka kusomewa makato ya korosho: kinakatwa nini, kwa idhini ya mkutano upi, na kinaishia wapi. Anayeongoza hoja ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Hana mume, anahudumia mikorosho yake mwenyewe, na binti yake hakuchezwa unyago. Kila akisimama kwenye kikao anajibiwa maisha yake. "Msimbe huyu atatufundisha nini?" Watu wanacheka, kikao kinafungwa, makato yanabaki palepale.

Nauliza. Aanzie AMCOS au mkutano wa kijiji? Je, atangulizwe mwanamume mwenye heshima zake ili yeye abaki nyuma? Kuna kiasi gani cha mila anachotakiwa kukitimiza bila kujikana? Na mambo kama haya kwa kawaida huharibikia wapi? Nataka hatua, pole tunazo za kutosha.

Karani_Mstaafu:

Umeuliza mengi kwa pumzi moja. Nitashika la makato, hayo ya unyago yana wenyewe.

Swali la kwanza kabisa: huyo mama ni *mwanachama* wa AMCOS, au anauza tu kupitia AMCOS? Wengi wanaanguka hapa kabla hawajaanza. Karani wa mizani anapokea korosho za mkulima yeyote aliyesajiliwa, lakini kiti cha mkutano mkuu ni cha aliyelipa kiingilio, akanunua hisa, na jina lake likaingia kwenye rejesta ya wanachama. Atafute risiti zake za kiingilio na hisa leo hii. Kama hana, alipe, apewe risiti, afuatilie hadi aone jina lake limeandikwa. Asiposhughulikia hilo, siku ya mkutano mwenyekiti atasema neno moja tu, "wewe si mwanachama", na atakuwa sahihi.

Pili, AMCOS si mali ya kijiji. Inaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Mkutano mkuu wa kijiji ni kitu kingine: ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, unatakiwa kukaa walau kila miezi 3, na kazi yake ni mambo ya kijiji, kama mapato na matumizi ya serikali ya kijiji, ardhi, michango ya madarasa. Ukipeleka makato ya AMCOS kule, mtendaji atakwambia umekosea mlango, na watu watakumbuka kwamba ulikosea mlango.

Sasa hesabu. Msiseme "tunaibiwa". Neno hilo halina namba ndani yake. Fanyeni hivi: chukueni stakabadhi za wakulima 10 hadi 15 waliouza kwenye mnada *mmoja*, AMCOS moja, daraja moja. Kwa kila mmoja zidisha kilo kwa bei ya mnada, toa kiasi kilichoingia benki, kinachobaki gawanya kwa kilo. Mfano wa kupigia hesabu tu: kilo 420 kwa shilingi 3,100 ni 1,302,000. Benki imeingia 1,197,000. Tofauti ni 105,000, yaani shilingi 250 kwa kila kilo. Andika 250 mbele ya jina, nenda kwa anayefuata.

Zikitoka 250, 250, 250, basi makato ni yaleyale kwa wote na swali lenu ni moja: nani aliidhinisha 250? Zikitoka 250, 250, 310, mna swali la pili ambalo ni zito zaidi. Lakini kabla hamjapiga kelele kuhusu 310, angalieni kama huyo alichukua pembejeo kwa mkopo, maana deni linakatwa humohumo. Angalieni pia kilo: uzito wa mizani ya AMCOS na uzito wa ghala kuu unaweza kupishana, korosho zikikaa zinapungua unyevu. Na msichanganye minada. Bei hubadilika mnada hadi mnada, mtu akileta stakabadhi ya mnada wa tatu na malipo ya mnada wa nne mtaonekana wajinga mbele ya bodi nzima. Bei ya kila mnada hutangazwa, na siku hizi minada inaendeshwa kupitia TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, kwa hiyo kisingizio cha kutoijua hakipo.

Risiti za mashine zinafifia. Zikikaa kwenye mfuko wa rambo juani, mwezi wa pili unashika karatasi nyeupe. Pigeni picha siku hiyohiyo, halafu nakilini kwa kalamu kwenye daftari la kurasa ngumu: tarehe, namba ya stakabadhi, kilo, daraja, mnada, kilichoingia.

Barua ya kuomba taarifa iwe ukurasa mmoja. Ombeni vitu vitatu tu: muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha makato ya msimu huo, makisio ya mapato na matumizi yaliyopitishwa, na taarifa ya ukaguzi ya COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, ya mwaka wa karibuni. Mkiomba kumi watawapa kimoja na kusema wamejibu. Nakala tatu, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Katibu akikataa kugonga, msigombane naye. Tumeni kwa posta ya rejesta, risiti ya posta ndiyo muhuri wenu. Wasipojibu, ngazi inayofuata ni afisa ushirika wa wilaya, halafu mrajis msaidizi wa mkoa, halafu Tume ya Maendeleo ya Ushirika kule Dodoma. Msiruke ngazi. Anayeanzia Dodoma barua yake inarudishwa wilayani ikiwa na maneno "kwa hatua zenu", na hapo wilaya tayari imenuna.

Mtu_wa_Shangani:

Barua, barua, barua! Watu wa Kusini tumeandika barua tangu lini? Wakusanyike, waandamane hadi ofisi ya AMCOS, wakae pale mpaka daftari lifunguliwe. Na huyo dada asitangulie, watangulie wazee wenye kanzu. Ndivyo dunia ilivyo.

Msaidizi_Lindi:

Mtu_wa_Shangani, tulishapita njia hiyo na majibu yake yanajulikana. Maandamano ya Desemba 2012 pale Mtwara, ya kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, yalikuwa ya amani, watu wengi mno. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, mji uliwaka. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaingia mitaani. Bomba likajengwa hadi Dar es Salaam, likazinduliwa 2015. Sisemi hoja ya watu wa Mtwara ilikuwa mbaya. Nasema umati hauna anwani ya kuandikiwa majibu, na siku unapowaka anayekamatwa ni yule aliyekuwa akionekana tangu mwanzo. Katika kijiji hiki huyo ni nani? Ni msimbe.

Kama ipo siku italazimu kukusanyika hadharani, utaratibu wa Sheria ya Jeshi la Polisi ni *taarifa* ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla. Itaje mahali, saa na madhumuni. Hesabu saa 48 tangu muhuri wa kupokelewa, usihesabu tangu ulipoandika. Wengi wanapeleka Ijumaa jioni kwa mkutano wa Jumapili asubuhi, hizo ni kama saa 40, umeshakosea. Kikao cha watu wanane sebuleni kwa mtu kupanga barua si mkusanyiko wa hadhara, lakini msikifanyie gizani na mlango umefungwa. Mchana, mlango wazi, chai mezani, na yaandikwe yaliyosemwa.

Akiitwa polisi: aende, asikimbie, aende na mtu mmoja anayejua muda alioingia. Ana haki ya kuambiwa kosa, ya kuwasiliana na ndugu au wakili, na kwa makosa ya kawaida ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana. Dhamana ya polisi haina bei. Ukiombwa hela ya dhamana, hiyo ni kitu kingine na ina ofisi yake, TAKUKURU. Mkuu wa wilaya au wa mkoa naye ana mamlaka ya kuamuru mtu awekwe ndani kwa kulinda amani, lakini mwisho ni saa 48, kisha mahakamani au aachiwe. Kwa hiyo yule aliyebaki nje kazi yake ni saa, basi. Aandike alipoingia, alipoonana naye, aliyeongea naye.

La mtandaoni ndilo linalonitia wasiwasi kuliko polisi. Kundi la WhatsApp la wakulima lina mtu mia mbili, mmoja akiandika "mwenyekiti kala milioni 40" bila karatasi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaanzia faini ya milioni 5 au kifungo cha miaka 3 kwa taarifa za uongo. Andikeni kinachosomeka kwenye stakabadhi na kuuliza swali. "Mnada huu, kilo 420, makato 250 kwa kilo, tunaomba muhtasari uliopitisha." Hakuna jina la mtu hapo, na hakuna neno la kujutia.

Jambo la wazee wa kanzu. Kutanguliza mtu mwingine kuna ubaya mmoja: siku anayetangulizwa akinunuliwa, au akitishwa na mwanawe, hoja inaondoka naye na huyo mama haruhusiwi tena kuisema kwa sababu "mzee ameshamaliza". Badala yake wasaini watu 11 au zaidi, na wasaini kwa duara: chora duara chini ya barua, majina yazunguke, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Bodi ikitafuta kinara haimpati kwenye karatasi. Kwenye kusoma barua mkutanoni ndipo mgawane: mmoja asome, mwingine aulize, wa tatu aombe iandikwe kwenye muhtasari.

Kingine kidogo. Msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya 2017 huduma yake ni bure, atawasaidia kuandika na kuelekeza, ila hawezi kusimama mahakamani kama wakili. Msimngojee afanye kazi ambayo si yake.

Bi_Mkole:

Marahaba, wanangu.

Mmeongea sheria vizuri. Mimi niongee ya jikoni, maana huyo mwanamke hatashindwa kwa sababu ya saa 48. Atashindwa msibani.

Watu wa huku kwetu wanavumilia mtu kuishi anavyotaka kuliko wanavyokiri. Wanawake wasio na waume wamejaa kila kijiji, na kwa sisi tunaofuata ukoo wa mama, Mmakonde, Mmwera, Myao, mwanamke kuwa na shamba lake si ajabu hata kidogo. Kisichovumiliwa ni mtu *asiyeonekana*. Kwa hiyo atenganishe mambo mawili ambayo naona hata mleta mada ameyachanganya: kutofanya jambo, na kulidharau jambo.

Hakumcheza binti yake unyago. Sawa, ni mtoto wake. Lakini mtoto wa jirani akitolewa, yeye yuko wapi? Akiwa amejifungia ndani, hilo ndilo litakalosemwa. Apeleke doti moja ya kanga na kilo mbili za mchele siku ya kutolewa mwali, ampe mkono somo wa mtoto, yaani kungwi wake, apige vigelegele na wenzake, arudi kwake. Hajaingia ndani ya ngoma, hajasema uongo, hajakana chochote. Na asithubutu kusimulia unyago kwenye kundi la simu, wala kupiga picha za wanawali. Mtu anaweza kusamehewa kutokucheza mtoto. Kuanika ya ndani hasamehewi, na mimi nisingemsamehe.

Msiba una kanuni zake. Afike kabla ya kuzika, si jioni na mfuko wa sukari. Kazi ya kwanza ni maji na kuni, hapo hakuna anayekuuliza mume wako nani. Kama kawaida ya hapo ni kulala matanga, alale walau usiku mmoja. Siku ya kuanua tanga awepo. Chama cha kuzikana alipe mwezi kwa mwezi na adai risiti au saini kwenye daftari, maana siku wanataka kumfanyia visa watasema anadaiwa. Na msibani asitamke neno AMCOS hata akichokozwa. Atakuwepo wa kumchokoza, hilo mlijue.

Kisha mjomba. Barua isitoke kabla mjomba hajaisikia. Simaanishi aombe ruhusa, la. Ampelekee habari: "Mjomba, nimeandika hivi, tumesaini kumi na moja, nimeona usiisikie kijiweni." Mjomba aliyeambiwa mapema hata kama hakubali atanyamaza. Aliyeisikia kwa watu ataitisha kikao cha ukoo, na kikao cha ukoo kina nguvu kuliko barua ya Dodoma.

Anapotukanwa mkutanoni asijitetee. Akianza "mimi kutokuolewa ni..." ameshawapa walichotaka, na mpaka jua litakapozama wataongelea ndoa. Aseme kwa sauti ya chini kabisa: "Naomba katibu aandike maneno hayo kama yalivyotamkwa, na jina la aliyeyatamka. Halafu turudi kwenye makato ya ghala." Arudie hivyohivyo kila wakitukana. Watu wanapenda kutukana, lakini hawapendi matusi yao yasomwe kwenye muhtasari wa mkutano ujao mbele ya wakwe.

Na niwakumbushe kitu. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaita wanawake TANU miaka ya 1950 Dar es Salaam, hakuanza na watu asiowajua. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, vya lelemama, ambako tayari alikuwa anajulikana kama mwimbaji. Kabla ya neno la siasa walishamjua sauti yake. Huyo mama yenu anaimba kikundi gani? Yuko kwenye kikoba? Analima kwa zamu na akina nani? Kama jibu ni "hakuna", barua isubiri. Msimu mmoja wa kulimiana mashamba utamsaidia kuliko saini kumi na moja za watu wasiomjua.

Nanyamba_Kwetu:

Bi Mkole, shikamoo tena. Hilo la katibu kuandika matusi sikuwahi kulifikiria.

Kikoba yumo. Kikundi cha ngoma hayumo. Kuna swali lingine limejitokeza: kati ya hao wanaotaka kusaini kuna kijana na mwenzake wanaishi pamoja miaka mitatu, hawajafunga ndoa, na bodi imeanza kusema "barua ya wazinzi". Waondolewe kwenye orodha?

Msaidizi_Lindi:

Wasiondolewe. Ukimwondoa mmoja kwa maisha yake umekubali kwamba maisha ya mtu ni kigezo cha kusaini, na anayefuata kuondolewa ni yule mama. Sifa ya kusaini iwe moja, tena iandikwe juu ya barua: "Sisi wanachama tuliosaini hapa chini." Mwanachama, namba ya uanachama, saini, mwisho. Kama kati yao wawili ni mmoja tu mwenye hisa, asaini huyo mmoja.

Kwa faida yao wenyewe: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi kwa namna inayowapa hadhi ya mume na mke mbele ya watu, mahakama itachukulia kwamba ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Haiwafanyi wawe wamefunga ndoa, na shehe au padri hana habari na kifungu hicho. Ila siku ya kugawana mikorosho kina maana kubwa. Wasilitumie kujibizana na bodi lakini.

Mtu_wa_Shangani:

Haya nimeelewa, nimepunguza munkari. Ila bado nasema karatasi peke yake haitoshi. Wakinyimwa taarifa mwaka mzima?

Karani_Mstaafu:

Swali zuri, na jibu lake ni kalenda. Haya mambo yana msimu kama salfa, dawa ya mikorosho.

Mwezi wa tano hadi wa nane watu wako mashambani wanapulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, hawana pesa na hawana muda, lakini ndipo hasira ya msimu uliopita ingali hai na stakabadhi hazijapotea. Hapo kusanyeni karatasi, fanyeni hesabu, pelekeni barua. Kuanzia Oktoba minada ikianza, usiite mtu kwenye kikao: anawaza mizani na benki. Mkitaka mkutano mkuu wenye watu, uwe kabla ya mizani kufunguliwa, maana ndipo makisio ya msimu mpya yanapopitishwa, na makato ni sehemu ya makisio. Ukisubiri hela zikatwe ndipo uulize, unadai kilichokwisha kutumika. Ukiuliza kabla, unaweza kupiga kura ya hapana.

Na bodi zinajua hilo. Utaona mkutano unaitwa kwa tangazo la siku mbili, Ijumaa saa sita, au siku watoto wanatoka jandoni mwezi wa sita au Desemba. Kila AMCOS ina masharti yake yaliyosajiliwa, na humo imeandikwa siku za taarifa na akidi. Nakala ya masharti ni ya kwanza kuipata, kabla ya hata hiyo barua. Bila kuyasoma huwezi kusema mkutano ni batili, unaweza kulalamika tu.

Salfa_na_Pampu:

Naongeza la ardhi na vitambulisho kwa sababu naona limeachwa.

Mtu anayesema sana anabanwa pale anapohitaji saini ya mtu. Mtendaji wa kijiji ndiye anayetoa barua ya utambulisho, na barua hiyo inatakiwa kila mahali: kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki, kumdhamini mtu. Akishaudhika, kila ukienda "mhuri umefungiwa". Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, huyo mama ahakikishe ana NIDA yake, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya mpiga kura, na akaunti ya benki iliyo kwa jina lake mwenyewe, si la kaka.

Shamba nalo. Kama mikorosho ni ya kurithi upande wa mama, wajomba wanaweza kugeuka siku wakishinikizwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi ya kijiji, na kipo cheti cha hakimiliki ya kimila. Ombi linaanzia halmashauri ya kijiji. Mipaka inatembelewa na majirani wa pande zote wakiwepo, na hapa ndipo panapoharibika: jirani mmoja asipokuwepo siku ya kupima, miezi sita baadaye anadai mikorosho minne ni yake. Ahesabu miti, aandike. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ekari moja inabeba kama mikorosho 28. Akisema ana ekari mbili na miti 90, ama nafasi ni finyu ama mpaka umeingia kwa mtu.

Na asichukue salfa ya mkopo kwa mjumbe yeyote wa bodi. Hata mfuko mmoja. Wataisoma mkutanoni.

Bi_Mkole:

Salfa_na_Pampu umenikumbusha. Asikope kabisa msimu huo, hata chumvi kwa jirani. Watu wanahesabu.

Nanyamba_Kwetu:

Nimeandika yote kwenye daftari. Mpango uliopo sasa: wiki hii tunahakiki rejesta na kutafuta masharti ya chama. Stakabadhi tunazo 9 za mnada mmoja, tunatafuta mbili tatu zaidi. Mama kashaenda kwa mjomba wake jana, mjomba kasema "nimesikia", hakuongeza neno.

Bado moja. Karani, umesema nakala tatu. Moja ya ofisi, moja yetu. Ya tatu inakaa wapi?

Karani_Mstaafu:

Kwa mjomba.